Nyumba ya Kupangisha Isikizya kwa Mnunuzi Aliye Mbali

Isikizya ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora. Penye ofisi za serikali pana walimu, wauguzi na maofisa wanaotafuta nyumba za kupanga. Kwa hiyo mtu aliyeko Dar es Salaam, Mwanza au hata Muscat huletewa picha kwa simu na kuambiwa kwamba nyumba inauzwa na wapangaji wako tayari.

Kuwa na mali mbali si jambo geni Tabora. Enzi za misafara, bidhaa zilisafiri miezi kadhaa kati ya mji huo na pwani zikiwa mikononi mwa watu wengine. Hatari ya mnunuzi haimo katika umbali peke yake. Imo katika kumwachia mtu mmoja auze, akague na akusanye pango. Tunashauri kazi hizo tatu zishikwe na watu tofauti.

Kwanza: ijue ardhi kabla ya nyumba

Uliza kama ardhi imepimwa au ni ardhi ya kijiji. Ikiwa imepimwa na ina hati, chukua namba ya kiwanja na kitalu, kisha omba upekuzi katika ofisi ya ardhi. Upekuzi huonyesha jina la mmiliki na kama hati imewekwa rehani. Nakala ya hati iliyotumwa kwa simu haitoshi.

Ikiwa ni ardhi ya kijiji, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Uhamisho wake kwa mtu wa nje unahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Saini na muhuri wa mwenyekiti mmoja, kama shahidi wa mauziano, si idhini hiyo. Omba kuona muhtasari wa kikao.

Nyumba ikiwa ni ya familia, ridhaa ya mwenzi wa muuzaji ipatikane kwa maandishi. Ikiwa ni ya marehemu, muuzaji awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mnunuzi ambaye si raia wa Tanzania amwone wakili kwanza, kwa kuwa sheria inambana asiye raia katika kumiliki ardhi.

Pili: piga hesabu yako mwenyewe

Tuchukue mfano. Nyumba inauzwa shilingi 20,000,000 na pango ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Dalali atasema fedha zitarudi katika miaka 14, kwa kuwa pango la mwaka ni shilingi 1,440,000. Lakini watumishi huhamishwa. Nyumba ikikaa tupu miezi miwili, zinabaki 1,200,000. Mtunza nyumba akilipwa sehemu moja ya kumi, zinabaki 1,080,000. Ukitenga 200,000 za matengenezo, unabakiwa na 880,000. Fedha zako zitarudi baada ya takribani miaka 23, hata kabla ya kodi za serikali. Aidha, mtumishi wa Isikizya anaweza kupanga Tabora mjini. Usichukulie kwamba mpangaji hana pengine pa kwenda.

Tatu: mipaka ya uwakilishi

Anayekuwakilisha apewe hati ya uwakilishi inayotaja kazi zake moja baada ya nyingine: kupangisha, kupokea funguo, kusimamia mafundi. Isimpe uwezo wa kuuza wala kuweka rehani, hata akiwa ndugu yako wa damu. Fedha za pango ziingizwe na mpangaji moja kwa moja katika akaunti yako, kisha wewe umlipe mwakilishi ujira wake.

Mkataba wa pango uwe wa maandishi, nawe ubaki na nakala. Utaje pia kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Anayenunua umeme ni mpangaji, lakini kodi ni ya mwenye nyumba. Mkubaliane mapema namna ya kumrudishia, maana ugomvi wa fedha ndogo humpoteza mpangaji mwema.

Mtu wa tatu, asiye dalali wala mtunza nyumba, aikague nyumba walau mara mbili kwa mwaka. Ukaguzi mmoja ufanyike kabla ya mvua za Novemba: paa, mifereji, na njia za mchwa kwenye kuta na mbao.

Kabla ya kutuma fedha, jiulize

1. Je, nimepata majibu ya upekuzi, au muhtasari wa kijiji, kwa njia isiyopitia kwa muuzaji?
2. Je, majirani wa pande zote wameithibitisha mipaka?
3. Je, mwakilishi wangu akinyamaza leo, nitamfikia mpangaji kwa njia nyingine?

Jibu likiwa hapana hata kwa swali moja, subiri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa aliye mbali, habari hiyo humfikia akiwa amekwisha kuchelewa.