Mashine ya Boti ya Mpira: Hesabu Safari ya Kurudi Kabla ya Kulipa

Kwa wakazi wengi wa Kaunti ya Lamu, maji ndiyo barabara. Anayetoka Kizingitini kwenda kutibiwa kisiwani Lamu, anayevuka kutoka Mokowe kwenda mjini na anayeshuka ndege Manda, wote hupanda chombo. Boti ndogo ya mpira inayojazwa upepo ina nafasi yake katika shughuli hizi. Ni nyepesi, watu wawili au watatu huibeba hadi majini, haihitaji gati, na huweza kusogea ubavuni mwa mashua bila kuiumiza. Kwa sababu hiyo huwafaa walinzi wa ufuo, waokoaji, na vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, katika doria za karibu.

Taabu huanza dukani. Swali la kwanza huwa, "Ni mashine ya farasi ngapi?" Bei ikikubalika, pesa hulipwa. Mashine ikiwa ndogo mno, watu hubaki baharini jua likizama. Ikiwa kubwa mno, hulemea tezi na kuingiza maji, au huinua omo mpaka upepo uipindue boti. Kwa vyovyote vile, akiba ya kikundi hupotea na maisha huwa hatarini. Somo hili linaonyesha jinsi ya kuchagua kwa kipimo na hesabu.

1. Bamba la boti husomwa kwanza

Boti ya mpira iliyotengenezwa kiwandani huwa na bamba dogo, mara nyingi kwenye ubao wa nyuma unaobeba injini. Bamba hutaja idadi ya watu, uzito wa mwisho wa mzigo, nguvu ya mwisho ya injini na shinikizo la upepo. Mara nyingi nguvu huandikwa kwa kilowati. Farasi 1 ni karibu kilowati 0.75, kwa hiyo kilowati 4.5 ni farasi 6, na kilowati 7.5 ni farasi 10.

Kiwango hicho ni mpaka, si pendekezo. Boti iliyoandikiwa farasi 10 haihitaji kufungwa mashine ya 10, lakini haifai kamwe kufungwa ya 15. Boti isiyo na bamba wala kitabu chake haifai kununuliwa kwa kazi ya kubeba watu.

2. Mzigo wote huhesabiwa, na injini pia

Tuseme kikundi kina boti ya mita 3.3, na bamba linaruhusu watu 4, kilo 450 na farasi 10. Hesabu yake ni hii: watu wazima wanne wa kilo 75 ni kilo 300. Injini ya farasi 6 ni karibu kilo 26. Tangi la petroli la lita 12 likijaa ni karibu kilo 12. Nanga, kamba, makasia, maji ya kunywa na jaketi za kuokoa maisha ni kilo 22. Jumla ni kilo 360.

Boti hiyo imebakiwa na kilo 90. Kwa kikundi cha uokoaji, nafasi hiyo ni ya mtu atakayetolewa majini. Hata hivyo, bamba linasema watu 4. Kikundi kinachokwenda kuokoa hakina budi kutoka na watu wawili au watatu, ili aliyeokolewa apate mahali pa kukaa.

3. Safari ya kurudi ndiyo kipimo

Boti fupi isiyoinuka juu ya maji ina mwendo wake wa mwisho, hata ikifungwa nguvu zaidi. Kwa boti ya takriban mita 3, mwendo huo ni karibu kilomita 7 hadi 8 kwa saa. Sasa uongezwe mkondo.

Tuseme boti inakwenda kilomita 7 kwa saa, mkondo ni kilomita 3 kwa saa, na mahali pa kufikia ni kilomita 5. Wakati wa kwenda, maji yanasukuma, kwa hiyo boti inakwenda kilomita 10 kwa saa na kufika kwa dakika 30. Wakati wa kurudi, maji yanapinga. Boti inabakiwa na kilomita 4 kwa saa, na safari ileile inachukua dakika 75.

Mashine ya farasi 2.5 hutumia karibu lita 1 kwa saa ikipewa mafuta yote, na nyingi za kiwango hicho hubeba tangi lao la ndani la takriban lita 1 tu. Katika mfano huu, mafuta yatakwisha kabla ya ufuo kuonekana vizuri. Yeyote aliyejaribu mashine hiyo asubuhi, maji yakiwa yametulia, angeapa kwamba inatosha.

Mikondo huwa na nguvu zaidi wakati wa maji bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Upepo wa Kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, huongeza mawimbi nje ya visiwa. Kwa hiyo mashine hupimwa kwa siku ngumu ambayo kikundi bado kitatoka, na siku iliyo ngumu kupita hiyo kikundi hakitoki.

4. Nguvu ya kusukuma na nguvu ya kuinua

Kuna namna mbili za kwenda. Ya kwanza ni kusukuma maji polepole. Kwa kazi hiyo, farasi 2.5 hadi 4 humtosha mtu mmoja au wawili wanaovuka umbali mfupi penye kinga. Farasi 6 haiongezi mwendo sana boti ikiwa imejaa, lakini huushikilia mwendo huo penye upepo na mawimbi, na hutumia tangi la nje lenye mafuta ya saa kadhaa.

Ya pili ni boti kuinuka na kuteleza juu ya maji. Kwa kawaida boti nyepesi ya mita 3 huinuka kwa farasi 6 ikiwa na mtu mmoja, na kwa farasi 10 hivi ikiwa na wawili. Watu watatu au wanne huhitaji farasi 15, na boti iliyoandikiwa nguvu hiyo. Anayetaka kufika haraka akiwa na waokoaji watatu hanunui mashine kubwa tu, bali hubadilisha na boti.

Rafadha, yaani propela, nayo huchaguliwa. Ina nambari mbili: upana wake, na umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Nambari hii ya pili ikiwa ndogo, mashine huvuta mzigo vizuri zaidi. Ikiwa kubwa, hufaa boti nyepesi inayokwenda kasi. Kikundi kitakachovuta dau lililoharibika kinahitaji ya kuvuta.

5. Urefu wa mguu

Mashine mbili zenye nguvu sawa huweza kuwa na miguu tofauti. Mguu mfupi hufaa ubao wa takriban sentimita 38, na mrefu hufaa ubao wa takriban sentimita 51. Ubao hupimwa katikati, kutoka juu panapokaa injini hadi chini kabisa. Boti nyingi ndogo za mpira hutaka mguu mfupi.

Mashine ikishafungwa, bapa lililo juu ya rafadha liwe usawa wa sehemu ya chini ya boti au sentimita 2 hadi 3 chini yake. Mguu mfupi kupita kiasi hufanya rafadha inyonye hewa na kuzunguka bila kusukuma. Mguu mrefu kupita kiasi huburura maji na kugonga mchanga. Katika mlango wa Mkanda, ambako kina hupungua maji yanapokupwa, sentimita hizo 13 huamua kama boti itapita au itasubiri.

6. Mapigo mawili, mapigo manne au umeme

Injini ya mapigo mawili huchanganyiwa oili ndani ya petroli. Ni nyepesi, na mafundi wengi wanaijua. Ya farasi 15 huwa karibu kilo 36, huku ya mapigo manne yenye nguvu hiyo ikifika karibu kilo 50. Hata hivyo, ya mapigo mawili ya mtindo wa zamani hutoa sehemu ya petroli bila kuichoma, na mafuta hayo huishia majini. Ya mapigo manne hutumia mafuta kidogo zaidi, haina kelele nyingi, na oili yake hukaa mahali pake. Hulazwa upande ulioelekezwa kwenye kitabu tu, ili oili isiingie pasipofaa.

Mchanganyiko hufuata kitabu cha mashine. Penye agizo la 50 kwa 1, kila lita 10 za petroli hutiwa mililita 200 za oili ya injini za majini. Kukisia kwa jicho ndiko kunakoua mashine mapema.

Mashine ya umeme haina moshi wala kelele. Lakini yenye nguvu ya kilowati 1, ikienda kwa kasi yote, humaliza betri ya kilowati-saa 1 kwa takriban saa moja. Hufaa mwendo wa polepole karibu na mahali pa kuchajia, si doria ndefu.

7. Gharama baada ya kununua

Kabla ya kulipa, kikundi kiulize fundi wa karibu kama vipuri vya mashine hiyo vinapatikana: pini ya rafadha, plagi, pampu ya maji na kamba ya kuwashia. Mashine rahisi isiyo na pampu ya kubadilisha hugeuka ghali haraka.

Maji ya chumvi ndiyo adui wa kila siku. Kila baada ya safari, injini inayopozwa kwa maji huendeshwa kwa maji baridi dakika 5 hadi 10 ili kusafisha njia zake. Baharini, nahodha hutazama maji yanayotoka nyuma ya mashine. Yakikatika, anazima mara moja.

Petroli hugawanywa sehemu tatu: moja ya kwenda, moja ya kurudi, na moja haiguswi ila kwa dharura. Kamba ya kuzimia injini hufungwa mkononi au mguuni mwa nahodha muda wote, kwani akianguka mashine huzimika, na rafadha haimrudii. Jaketi huvaliwa, hazikaliwi. Makasia hubebwa hata mashine ikiwa mpya.

Boti ya kubeba abiria hukaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Masuala ya Bahari, KMA. Wanaovua wapitie BMU yao na afisi za uvuvi kuhusu usajili.

Maswali ya kujibiwa kabla ya kulipa

- Bamba la boti linaruhusu nguvu na uzito kiasi gani?
- Mzigo wote, pamoja na injini na petroli, ni kilo ngapi?
- Safari ya kurudi dhidi ya mkondo itachukua dakika ngapi, na lita ngapi?
- Boti itasukuma polepole au inatakiwa kuinuka?
- Ubao wa nyuma una sentimita ngapi?
- Ni fundi gani ataitengeneza, na vipuri vitatoka wapi?

Kikundi kikiandika majibu haya kwenye karatasi moja na kuyasoma katika mkutano wa wanachama, mwenye duka hatakuwa na la kuwauzia ila wanachohitaji. Swali moja likikosa jibu, pesa zibaki benki mpaka lipatikane.