VYOMBO VYA MUZIKI NYUMBANI: UCHAGUZI WA WAYA NA UDHIBITI WA UMEME

Katika nyumba nyingi za Kashozi, Wilaya ya Bukoba, amplifaya na spika zake ni miongoni mwa vyombo vya thamani vilivyomo sebuleni, na pengine vilinunuliwa kwa akiba ya misimu kadhaa ya kahawa. Vyombo hivyo aghalabu huharibiwa na umeme kabla ya kuharibiwa na uzee. Kwa sababu hiyo, watumishi na wananchi wanashauriwa kuyafahamu mambo yafuatayo kabla ya kufungua mkoba dukani.

Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulipata umeme wake kutoka Masaka, nchini Uganda, kwa njia iliyoishia katika kituo cha Kyaka. Kutoka kwenye kituo hadi kwenye transfoma ya kijiji, na kutoka kwenye nguzo ya mwisho kupita juu ya migomba ya kibanja hadi nyumbani, safari ni ndefu. Umeme uliokusudiwa kuwa wa volti 230 huweza kufika pungufu saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha taa na pasi, kisha ukapanda usiku wa manane.

Muuzaji anapodai kuwa waya mnene wa bei kubwa, wenye plagi iliyopakwa dhahabu, utasafisha sauti, yafaa hesabu ifanyike. Amplifaya inayotumia wati 300 huvuta takriban ampea 1.3. Waya wa kawaida wa shaba, wenye unene wa milimita 0.75 za mraba na urefu wa mita mbili, hupoteza kiasi cha sehemu 13 za mia za volti moja. Upotevu huo si kitu mbele ya volti kumi au ishirini zilizokwisha kupotea njiani, na waya wa mita mbili hauwezi kurekebisha kilichoharibika katika kilomita nyingi. Fedha hiyo ni heri itumike kwingine.

Jambo la kuangaliwa ni uhalisi wa waya. Waya hafifu huwa na ganda nene la plastiki na nyuzi chache ndani, pengine za alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Mnunuzi atazame alama ya unene iliyochapwa kwenye ganda, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Fyuzi ya plagi nayo ilingane na chombo: amplifaya iliyotajwa yatosha kwa fyuzi ya ampea 3. Desturi ya kuzungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya sigara ni mwaliko wa moto.

Ekstensheni ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Ile ya mita 20, yenye waya wa milimita 0.75, ikiunganishwa birika la wati 2,000 pamoja na redio, hupoteza takriban volti 9, na wati zipatazo 75 hugeuka joto ndani ya waya wenyewe. Ikiwa waya umeachwa umezungushwa katika gurudumu lake, au umefunikwa kwa mkeka, joto hilo halina pa kutokea.

Kuhusu stebilaiza, ichaguliwe yenye uwezo usiopungua mara moja na nusu ya mahitaji ya vyombo vyote vitakavyounganishwa. Stebilaiza hurekebisha kupanda na kushuka kwa umeme, haizuii radi. Kifaa cha kuzuia mishtuko ya umeme nacho hakifai kitu bila waya wa ardhi, kwa kuwa huko ndiko kinakoupeleka umeme uliozidi. Nyumba isiyo na fimbo ya shaba iliyozikwa vizuri ianzie hapo, kwa mkono wa fundi aliyesajiliwa.

Wapo wanaosikia mvumo katika spika wakakata pini ya ardhi ya plagi. Mvumo huenda ukaisha kweli, lakini siku hitilafu itakapotokea, bati la amplifaya litakuwa na umeme likingoja mkono wa mtoto. Mara nyingi mvumo hutokana na vyombo vilivyounganishwa kupata ardhi katika soketi za mbalimbali. Vikihamishiwa kwenye soketi moja hutulia. Vyombo vyenye alama ya mraba ndani ya mraba havihitaji waya wa ardhi, na waya wao wa pini mbili si kasoro. Wanaotumia umeme wa jua watambue kuwa inveta za bei nafuu zisizotoa wimbi laini huweza kuleta mkoromo ambao hakuna waya utakaouondoa.

Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na mvua ya Bukoba hufikia kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Wingu linapoanza kukusanyika upande wa ziwa, plagi ichomolewe ukutani, na waya wa antena uchomolewe nyuma ya chombo, kabla ngurumo ya kwanza haijasikika. Ngurumo ikishasikika, waya hizo zisiguswe tena hadi mvua ipite.