Mwongozo wa Kutambua na Kutumia Udongo wa Kokoto Wenye Uchachu Kwenye Miteremko ya Tao la Mashariki

1. Walengwa na kanuni kuu

Mwongozo huu ni kwa maafisa ugani, mabwana misitu, wasimamizi wa vitalu vya miche, viongozi wa mashamba ya chai na viungo, na kamati za mazingira za vijiji vilivyo kwenye Milima ya Tao la Mashariki. Milima hiyo inaanzia Taita nchini Kenya na kuingia Tanzania kupitia Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru hadi Udzungwa.

Mgeni akiutazama msitu wa Amani, Usambara Mashariki, au wa Uluguru hudhani kwamba miti mirefu kiasi kile imeota kwenye ardhi nono. Dhana hiyo imegharimu mashamba mengi. Sehemu kubwa ya rutuba ya miteremko hii imo ndani ya miti yenyewe, ndani ya majani yanayooza na ndani ya sentimita chache za udongo wa juu. Chini ya hapo kuna udongo mwekundu au wa manjano, wenye kokoto, uchachu mkali na virutubisho haba.

Kwa hiyo kazi yoyote inayopangwa kwenye udongo huu ipimwe kwanza kwa swali moja: je, itaacha tabaka la juu mahali pake? Kama jibu ni hapana, kazi ibadilishwe au isifanyike.

2. Udongo huu umetokana na nini

Milima hii imejengwa kwa miamba geuzi ya zamani sana, yaani miamba iliyogeuzwa asili yake na joto na mgandamizo ndani ya ardhi. Iliyo mingi ni naisi na granulaiti, yenye madini kama kwazi, feldspa, ulanga na ganeti. Mwamba huo ukipigwa na mvua na joto kwa muda mrefu, kila aina ya madini huwa na mwisho wake. Feldspa huoza na kuwa mfinyanzi mweupe usioshika virutubisho vingi. Madini yenye chuma hutoa kutu inayoupa udongo rangi nyekundu. Kwazi haiozi, hubaki vipande vipande, na ndiyo sehemu kubwa ya kokoto zinazogongana na jembe.

Kwenye mteremko, kokoto hizo hazikai zilipozaliwa. Udongo laini huchukuliwa na maji, kokoto huteremka polepole na kujikusanya. Ndiyo maana ukichimba shimo unaweza kukuta mstari wa mawe umelala sambamba na uso wa ardhi, juu yake udongo tifutifu na chini yake mwamba uliooza, unaovunjika kwa mkono ingawa bado unaonyesha michirizi ya naisi.

Uchachu unaletwa na mvua. Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Maji mengi hivyo yakipita kwenye udongo huosha kalisiamu, magnesiamu na potasiamu, na nafasi zake hushikwa na haidrojeni na alumini. Majani yanayooza nayo huongeza asidi. Usambara Mashariki, udongo wa safu za juu una uchachu mkali kuliko ule wa miguu ya milima. Afisa asichukue ushauri uliotolewa kwa shamba la bondeni akaupandisha mlimani kama ulivyo.

3. Kuutambua shambani

Chimba shimo la upana wa nusu mita na kina cha mita moja, au hadi mwamba ukuzuie. Kuta za udongo wa kokoto hubomoka kirahisi, kwa hiyo asiingie mtu kwenye shimo lenye kina kinachozidi kiuno. Kisha angalia yafuatayo:

(a) Tabaka la majani na mboji. Pima unene wake kwa rula. Angalia kama mizizi midogo imejazana hapo na kupungua ghafla chini yake. Hiyo ni dalili kwamba mimea inakula juu tu.

(b) Rangi. Weusi au kahawia iliyokoza ni mboji. Mahali rangi inapogeuka kuwa nyekundu au ya manjano ndipo rutuba inapokatika. Andika kina hicho.

(c) Kokoto. Kokoto huhesabiwa kuanzia kipenyo cha milimita 2. Andika kama ni kwazi nyeupe ngumu au vipande vya mwamba uliooza. Vilivyooza bado hushika maji kidogo, kwazi haishiki.

(d) Mpangilio wa mwamba. Naisi na miamba yenye ulanga mwingi hupasuka kwa mabamba. Mabamba yakiinama kuelekea upande uleule wa mteremko, ardhi iliyo juu yake iko tayari kuteleza. Eneo la namna hiyo lisikatwe barabara wala lisifyekwe.

4. Kupima kiasi cha kokoto

Maabara huchekecha sampuli kwa chekeche ya milimita 2 na kupima udongo laini pekee. Kokoto hutupwa. Mkulima akipewa majibu bila kuambiwa hivyo, huyasoma kana kwamba shamba lake lote ni udongo. Kokoto lazima zipimwe shambani, kwa njia hii rahisi:

Chimba kishimo cha kina cha sentimita 20 na weka udongo wote kwenye turubai. Tandika mfuko laini wa nailoni ndani ya kishimo, jaza maji hadi usawa wa ardhi, ukihesabu lita. Chekecha udongo, osha kokoto, kisha zitumbukize kwenye ndoo yenye maji uliyoiwekea alama za lita. Maji yatakavyopanda ndiyo ujazo wa kokoto. Kishimo kikichukua lita 8 na kokoto zikapandisha maji kwa lita 3.2, kokoto ni asilimia 40 ya ardhi hiyo.

Chini ya asilimia 15, kokoto si kikwazo kikubwa. Kati ya 15 na 35, ardhi hukauka mapema na palizi huwa nzito. Zikizidi 35, panga mazao ya kudumu tu. Zikizidi 60, acha msitu au rudisha miti.

Kipimo hiki kinabadilisha hesabu zote zinazofuata. Ardhi yenye kokoto za kwazi asilimia 40 inahifadhi maji na virutubisho vya asilimia 60 tu ya ilivyodhaniwa. Vilevile, kama maabara imependekeza tani 2 za chokaa kwa hekta ikikisia udongo usio na mawe, shamba hilo linahitaji tani 1.2.

5. Kuchukua sampuli na kusoma majibu

Gawa mteremko sehemu tatu: kileleni, katikati na mguuni. Usichanganye sampuli zake. Katika kila sehemu chukua vijisampuli 15 hadi 20 kwa kutembea kizigizagi, ukikwepa vichuguu, njia, mahali palipochomwa moto na chini ya matawi ya mti mmoja mkubwa. Tumia sururu na koleo, kwa kuwa keekee ya udongo hugonga kokoto na kukudanganya kwamba umefika mwambani. Kwangua majani yasiyooza lakini usiondoe mboji. Chukua kina cha sentimita 0–20, na kina cha 20–50 kwenye mfuko mwingine. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, baki na nusu kilo, anika kivulini, andika lebo. Sampuli zinaweza kupelekwa TARI Mlingano karibu na Muheza, au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Kwenye majibu, soma pH kwanza. Kila namba moja inaposhuka, uchachu unaongezeka mara kumi. pH 4 ina uchachu mara kumi ya pH 5. Uliza pia kama kipimo kimefanywa kwa maji au kwa kloridi ya potasiamu, maana cha pili kwa kawaida hutoa namba ndogo zaidi, mara nyingi kwa karibu moja. Kulinganisha vipimo viwili vya njia tofauti ni kosa.

pH ya maji ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka, na chini ya 5 inakuwa sumu kwa mazao mengi. Mizizi hufupika, huwa minene na hukosa matawi. Mimea hiyo hunyauka siku chache baada ya mvua kukatika hata kama chini kuna unyevu, kwa kuwa mizizi haikufika huko. Fosforasi nayo hunaswa na chuma na alumini. Ipo kwenye udongo lakini mmea hauipati.

6. Kuchagua matumizi

Msitu uliosimama: uache. Iliki ilipolimwa chini ya miti Usambara Mashariki, wakulima walifyeka miti midogo na vichaka na kuacha miti mikubwa ya kivuli. Kwa macho msitu ulikuwa bado upo. Baada ya miaka kadhaa mavuno yalishuka, na hapakuwa na miti michanga ya kuirithi ile mizee. Ushauri wa kupanda iliki ndani ya msitu wa asili usitolewe.

Ardhi iliyokwisha kulimwa: chagua zao linaloendana na uchachu badala ya kupigana nao. Chai hustawi kwenye pH ya 4.5 hadi 5.5. Nanasi na mihogo huvumilia. Mdalasini, pilipili manga na iliki zilizochanganywa na miti ya kivuli hufunika ardhi mwaka mzima. Mahindi na maharage yanahitaji marekebisho. Kabichi na vitunguu visipandwe kabla uchachu haujarekebishwa.

Kingo za mito na chemchemi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ya Tanzania inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60. Pima kwa futi kamba. Usikadirie kwa hatua.

7. Chokaa na mbolea

Lengo la chokaa ni kuizima alumini. Kufika pH 5.5 kunatosha kwa mazao mengi. Ukizidisha, zinki na boroni huanza kukosekana. Tumia chokaa ya kilimo, na ile ya dolomaiti pale majibu yanapoonyesha upungufu wa magnesiamu. Iwekwe wiki kadhaa kabla ya kupanda. Kwenye kokoto nyingi usilime shamba zima kwa ajili ya kuichanganya. Iweke kwenye mashimo au mistari ya kupandia. Majivu ya kuni husaidia bustani ndogo. Chai isiwekewe chokaa wala majivu.

Kwa fosforasi, mbolea ya mawe ya fosfati kutoka Minjingu inafaa sana hapa, kwa sababu uchachu wenyewe ndio unaoiyeyusha. Iweke ndani ya shimo karibu na mizizi, wala usiichanganye na chokaa kwenye shimo moja, kwani chokaa itaichelewesha.

Kwa naitrojeni, SA (salfeti ya amonia) huongeza uchachu kuliko mbolea nyingine za dukani. Kwa mahindi chagua CAN. Gawa mbolea mara mbili au tatu, kwa kuwa maji hupita haraka kwenye kokoto na kuondoka nayo. Samadi na mboji vina kazi mbili: hulisha mmea na huifunga alumini. Mkulima mwenye fedha za kitu kimoja tu aanze na samadi.

8. Kuhifadhi mteremko

Katika miaka ya 1950 utawala wa kikoloni uliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi. Mahali pengi kazi hiyo ilifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuufukia ule mzuri. Wakulima walitoa jasho wakapata mavuno haba, upinzani ukazuka mwaka 1955 na mpango ukaachwa. Kosa halikuwa tuta lenyewe. Lilikuwa kulichimba kwenye udongo mwembamba bila kuulinda wa juu.

Kwa hiyo kwenye udongo wa kokoto usikate matuta makubwa. Panda mistari ya majani ya Gwatemala au mabingobingo kwa kufuata kontua na uache udongo ujijengee ngazi wenyewe. Pale ambapo tuta haliepukiki, tenga udongo wa juu pembeni kwanza, chimba, kisha urudishe juu. Ngazi ndogo ambazo Waluguru huzitengeneza wanapolima, wakifukia magugu chini ya udongo, zinafaa kuendelezwa. Kokoto zinazotolewa shambani zipangwe kwenye mistari ya kontua. Usizitoe zote, kwa sababu zile za juu huvunja nguvu ya matone ya mvua.

Miti ibaki kwenye miteremko mikali. Mwezi Februari 1970, mvua kubwa ya saa chache ilisababisha maporomoko madogo zaidi ya elfu moja huko Mgeta, Uluguru. Karibu yote yalitokea mashambani na kwenye nyasi. Chini ya miti yalikuwa machache mno. Nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama na chemchemi inayotokea mahali pasipokuwa na maji ni dalili za kuwahamisha watu mara moja, hasa mvua inapoendelea.

Majani na mabaki ya mazao yasichomwe. Moto mmoja hugeuza akiba ya miaka kuwa majivu, na mvua ya kwanza huyapeleka mtoni.

9. Vitalu vya miche

Udongo wa kujaza viriba usichukuliwe ndani ya hifadhi. Changanya udongo wa juu wa shamba, mboji na mchanga, na uchekeche kokoto zote ili mizizi isipinde. Miche ya misindano inahitaji kuvu wanaoishi na mizizi yake: chota udongo kidogo chini ya misindano iliyokomaa yenye afya na uchanganye kwenye viriba.

10. Kumbukumbu

Kila shamba liwe na ukurasa wake kwenye daftari la ofisi ya kijiji, wenye kina cha udongo mweusi, asilimia ya kokoto, pH na njia iliyotumika kuipima, mwinamo wa ardhi na zao lililopo. Kina cha udongo mweusi kipimwe tena kila mwaka baada ya masika, mahali palepale palipowekwa kigingi. Kikipungua, shughuli iliyopo imeshindwa hata kama mavuno ya mwaka huo ni mazuri, na afisa ugani atakaa na mkulima kupanga upya kabla ya msimu unaofuata.