Habari na Wimbi: Mitambo ya Mawasiliano Katika Kukabili Maafa

Jumapili tarehe 26 Desemba 2004, saa 9:59 usiku kwa saa za Afrika ya Mashariki, sakafu ya bahari ilipasuka upande wa magharibi wa kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia. Tetemeko lililotokea lilikuwa la kipimo cha 9.1, na mawimbi ya tsunami yaliyozaliwa nalo yaliua watu wapatao 227,000 katika nchi za Bahari ya Hindi. Makala haya yahusu jambo moja tu katika msiba huo: kwamba wengi wa waliokufa nje ya Indonesia walifikwa na maji wakati habari za tetemeko zilipokwisha kujulikana katika vituo vingi vya dunia. Habari ilikuwa na nafasi ya kulitangulia wimbi. Yafaa kuchunguza ni wapi ilikwama.

Mashindano ya mwendo

Tetemeko la chini ya bahari hutoa wajumbe wawili. Wa kwanza ni mitetemo ipitayo ndani ya ardhi, ambayo huenda kilomita kadhaa kwa kila sekunde. Kutoka Sumatra hadi pwani ya Tanzania ni zaidi ya kilomita 6,000, lakini mitetemo ya kwanza huhitaji dakika 10 hivi tu kuukata umbali huo. Binadamu hawezi kuihisi. Chombo cha kupimia matetemeko huiandika bila shida.

Mjumbe wa pili ni wimbi lenyewe. Mwendo wake hutegemea kina cha maji, na kanuni yake ni nyepesi: kina kwa mita huzidishwa kwa mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani 9.8, kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jibu. Penye kina cha mita 4,000 jibu ni mita 198 kwa sekunde, sawa na kilomita 713 kwa saa, mwendo unaokaribia ule wa ndege ya abiria. Penye kina cha mita 10 wimbi hilohilo huenda kilomita 36 tu kwa saa. Hapo maji ya nyuma huyafikia ya mbele, nayo huinuka. Ndiyo sababu wimbi ambalo baharini halina hata kimo cha mita moja huweza kuufunika mnazi likifika nchi kavu.

Msomaji akigawanya kilomita 6,000 kwa mwendo huo atapata muda wa zaidi ya saa nane. Mji wa Banda Aceh, ulio karibu na mpasuko, haukupata hata nusu saa. Sri Lanka na Thailand zilipata kama saa mbili, Somalia kama saa saba. Mjumbe wa tatu katika mashindano haya, yaani habari ipitayo katika nyaya na setilaiti, hahitaji hata sekunde moja kuzunguka dunia. Lakini mjumbe huyu haendi mwenyewe. Hana budi kutumwa, na hana budi kuwa na wa kumpokea.

Alfajiri ile ofisini

Kituo cha Tahadhari ya Tsunami cha Pasifiki, kilichoko Hawaii, kilitoa taarifa yake ya kwanza dakika 15 baada ya tetemeko. Kilikadiria kipimo cha 8.0, kikasema hapakuwa na hatari kwa Bahari ya Pasifiki. Hilo lilikuwa kweli, nayo Pasifiki ndiyo iliyokuwa dhamana yake. Saa moja hivi baada ya tetemeko kipimo kilipandishwa hadi 8.5, na uwezekano wa tsunami karibu na mahali pa tetemeko ukatajwa. Tofauti kati ya 8.0 na 9.1 yaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa hakika ni tofauti ya nguvu mara arobaini na zaidi. Hesabu za haraka za siku zile hazikuweza kulipima ipasavyo tetemeko kubwa kiasi hicho.

Kosa la kipimo, hata hivyo, halikuwa kiini cha tatizo. Katika Bahari ya Hindi hapakuwa na mtandao wa vyombo vya kulithibitisha wimbi, wala mpango uliokubaliwa wa nani aarifiwe, kwa njia gani, na huyo naye amwarifu nani. Saa mbili baada ya tetemeko setilaiti zilipita juu ya bahari hiyo na kupima kimo cha wimbi, kama sentimita 60. Lakini vipimo vyake vilichukua saa kadhaa kuchambuliwa. Mtambo uliliona wimbi, wala hakuna aliyeokolewa na kuona huko.

Pwani ya Afrika yatoa ushahidi wa upande wa pili. Nchini Somalia yakadiriwa kwamba watu wapatao 300 walikufa, wengi wao katika sehemu za Hafun. Nchini Kenya, ambako wakuu wa usalama waliwaondoa watu ufukoni kwa kutegemea habari zilizotangazwa kutoka ng'ambo, alikufa mtu mmoja. Tanzania, iliyofikiwa na maji baada ya Kenya, ilipoteza watu 10 au zaidi, baadhi yao waliokuwa wakiogelea siku ile ya mapumziko. Umbali ulipunguza nguvu ya wimbi. Hata hivyo haielekei kwamba umbali peke yake waeleza tofauti hizo.

Ushahidi mwingine watoka kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na chanzo cha tetemeko. Wimbi lilifika huko kwa muda wa dakika 10 hivi, kabla mtambo wowote haujatoa taarifa. Kati ya wakazi wapatao 78,000 walikufa 7. Tangu tsunami ya mwaka 1907 wazee wa kisiwa hicho walikuwa wamewarithisha watoto neno moja, smong, na maana yake: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Hiyo nayo ni njia ya kuhifadhi na kupeleka habari, tena isiyohitaji umeme.

Kilichojengwa baadaye

Chini ya uratibu wa Tume ya Bahari ya UNESCO, Bahari ya Hindi ilipata mfumo wake wa tahadhari, na tangu Oktoba 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia vimekuwa vikitoa taarifa kwa nchi nyingine. Nchini Tanzania mpokeaji ni Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Sehemu mbili za mfumo huo zastahili kuelezwa. Ya kwanza ni chombo kilazwacho juu ya sakafu ya bahari, ambacho hupima kanieneo, yaani mgandamizo wa maji yaliyo juu yake. Chombo hiki huhisi badiliko la kimo lisilofikia sentimita moja chini ya maelfu ya mita za maji. Hupeleka vipimo kwa sauti hadi kwenye boya lieleaalo juu, na boya huvirusha kwa setilaiti. Ya pili ni hazina ya hesabu. Kukokotoa safari nzima ya wimbi huchukua muda, na muda ndio haupo. Kwa hiyo kompyuta hukokotoa kabla ya siku ya hatari maelfu ya matetemeko ya kubuni, na jibu la kila moja likawekwa ghalani. Tetemeko la kweli litokeapo, kompyuta huchagua lile linalofanana nalo zaidi.

Mnamo tarehe 11 Aprili 2012 mfumo ulijaribiwa na tetemeko la kipimo cha 8.6. Tahadhari zilifika hadi Afrika ya Mashariki, lakini miamba ilikuwa imeteleza kwa ubavu badala ya kuinua maji, na wimbi likawa dogo. Wako waonao tahadhari kama hiyo kuwa aibu. Hawakumbuki kwamba mfumo uliowezesha kutahadharisha ndio uliowezesha pia kuifuta tahadhari kwa saa chache.

Hatua ya mwisho

Ugumu uliobaki ni ule mwendo mfupi kutoka ofisini hadi kwa mtu aliye ufukoni. Ujumbe mfupi wa simu za mkononi hupelekwa kwa kila namba peke yake. Namba zikiwa laki kadhaa ujumbe hupanga foleni, hasa saa ambayo kila mtu anampigia nduguye. Tena anayetuma hajui ni namba zipi zilizo ufukoni. Njia iliyo bora ni kuufanya mnara wa simu utangaze kama redio: ujumbe mmoja hutolewa mara moja, na kila simu yenye uwezo huo iliyo chini ya mnara huupokea, iwe moja au elfu kumi, bila namba kuhitajika. Japani imeitumia njia hii tangu mwaka 2007.

Lakini mnara wahitaji umeme. Huko Palu, Indonesia, tarehe 28 Septemba 2018, tahadhari ilitolewa dakika chache baada ya tetemeko la kipimo cha 7.5. Umeme ulikuwa umekatika na minara kuzimika, na maji yalifika kwa dakika chache vilevile. Zaidi ya watu 4,000 walikufa au kupotea, wengine kwa wimbi na wengine kwa ardhi iliyolainika kama uji. Ndiyo maana redio ya betri, king'ora chenye umeme wake na kipaza sauti cha msikiti au kanisa havipaswi kuondolewa katika mpango kwa sababu tu simu zimeenea.

Maneno ya ujumbe nayo yana uzito. Kusema "kuna tsunami" hakutoshi, kwani wimbi la kwanza aghalabu silo kubwa, na wengi hurudi ufukoni baada ya hilo kupita, au huingia kuokota samaki bahari ikirudi nyuma. Na kwa mvuvi aliye nje ya miamba, ambako mara nyingi simu haishiki na redio ya chombo ndiyo njia pekee, amri ya kuondoka majini ni ya hatari. Juu ya kina kirefu wimbi litapita chini ya mtumbwi wake bila yeye kulitambua. Yeye ahitaji ujumbe wake mwenyewe, unaomwambia abaki huko huko aliko mpaka atakapoitwa.