SOMO LETU: TUZIJUE ALAMA ZA KOMPYUTA



Juzi katibu wa kikundi kimoja cha wakulima aliandika kwenye kompyuta majina ya wanakikundi 48 na madeni yao ya mbolea. Alifanya kazi saa tatu. Mara umeme ukakatika. Uliporudi, majina hayapo! Tulimwuliza, "Hukubonyeza ile alama ya kijisanduku hapo juu?" Akajibu, "Niliiona, lakini sikujua ni kitu gani. Nikaogopa kuharibu."

Kijisanduku kile ni picha ya flopi. Flopi ilikuwa diski ya kutunzia maandishi, yenye ganda la plastiki la mraba, ndogo kama kiganja. Kampuni ya Sony ya Japani ilitoa flopi za namna hii mwaka 1981. Iliyoenea zaidi ilibeba megabaiti 1.44 tu. Picha moja ya simu ya leo yaweza isienee humo! Mwaka 2011 Sony iliacha kuziuza Japani.

Basi flopi zimekwisha, ila picha yake imebaki kwa kuwa watu walikwisha kuizoea. Maana yake ni HIFADHI.

Zipo na nyingine. Mkono wa simu ya mezani maana yake ni piga au pokea simu. Bahasha ni ujumbe, ingawa hapana karatasi wala stempu.

Jambo hili si geni kwetu. Katika uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1965 hapa Tanzania, mgombea mmoja alipewa alama ya jembe, mwenzake nyumba. Je, wazee wetu walichagua jembe liende Bungeni? Hapana. Walimchagua mtu. Alama ilikuwa ya kuwaonyesha tu.

Kwa hiyo tusione haya. Vijana wengi nao hawajapata kushika flopi. Tukiona alama tusiyoijua, tusiulize, "Hiki ni kitu gani?" Tuulize, "Inafanya kazi gani?"

Tena tukiandika, tuhifadhi kila baada ya mistari michache. Programu nyingine huhifadhi zenyewe, nyingine hapana. Tusingoje mwisho.

MASWALI
1. Kwa nini majina yalipotea?
2. Alama ya flopi ina maana gani?
3. Tazama simu yako au ya jirani. Taja alama tatu na kazi zake.