Jina, Lakabu na Sura: Wasanii wa Jukwaani na Wapita Njia katika Picha za Henri de Toulouse-Lautrec

1.0 Utangulizi

Picha ya sura ya mtu huhesabiwa kwa kawaida kuwa mali ya uwanja wa uchoraji, na mwanaisimu huonekana hana la kusema juu yake. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba mtazamo huo ni finyu. Mchoraji anapochora sura ya mtu fulani, hufanya kazi inayokaribiana na ile ya msemaji anayetaja jina la pekee: humtenga mtu mmoja na watu wengine wote, akamwambia mtazamaji kuwa huyu ndiye, wala si mwingine. Kwa hiyo suala la picha ya sura ni suala la urejelezi pia. Je, ni kitu gani katika picha kinachomfanya mtazamaji amtambue aliyechorwa? Ni uso, ni mavazi, au ni jina lililoandikwa chini yake?

Suala hili linajitokeza waziwazi katika kazi za Henri de Toulouse-Lautrec (1864–1901), Mfaransa aliyechota msukumo wake kutoka makundi mawili ya watu. Kundi la kwanza ni wasanii wa jukwaani, yaani wachezaji dansi, waimbaji na wachekeshaji wa sarakasi, ambao mji mzima wa Paris uliwajua kwa majina. Kundi la pili ni watu wasiojulikana: madobi, wapita njia na wanawake wa madanguro. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mchoraji huyu alipowachora wenye majina makubwa aliweza hata kuuacha uso, nao bado wakatambulika; lakini alipowachora wasio na majina, uso na mwili vililazimika kuubeba mzigo wote wa utambulisho. Tofauti hiyo si ya ufundi peke yake. Inahusu pia ni nani hukumbukwa, na hukumbukwa kwa jina lipi.

2.0 Mchoraji na Mji Wake

Toulouse-Lautrec alizaliwa tarehe 24 Novemba 1864 mjini Albi, kusini mwa Ufaransa, katika ukoo wa kikabaila. Wazazi wake walikuwa ndugu wa karibu, kwani mama zao walikuwa mtu na dada yake. Mwaka 1878 alivunjika mfupa wa paja la kushoto, na mwaka uliofuata akavunjika la kulia. Miguu yake haikurefuka tena, naye akabaki na kimo cha takriban mita 1.52. Mwaka 1882 alikwenda Paris kujifunza uchoraji kwa Léon Bonnat, kisha kwa Fernand Cormon, na hatimaye akafanya makao yake katika kitongoji cha Montmartre. Huko ndiko ulikofunguliwa ukumbi wa Moulin Rouge mwezi Oktoba 1889.

Yafaa kutahadhari na maelezo mepesi kwamba ulemavu wake ndio uliomsukuma kuwachora watu waliodharauliwa. Lililo dhahiri ni kwamba alikuwa mtazamaji wa kudumu. Alikwenda kwenye kumbi zilezile usiku baada ya usiku, akachora michoro ya haraka, kisha akaifanyia kazi katika karakana yake. Wengi wa watu hao hawakumwagiza awachore wala hawakumlipa. Katika hili alitofautiana na mchoraji wa sura wa kawaida, ambaye humngoja tajiri aje na fedha pamoja na jina lake.

Katika kuwaeleza watu aliowachora nje ya kumbi hizo, Kiswahili kinatoa msaada. Mgeni ni mtu anayetarajiwa kukaribishwa. Mtu baki ni yule asiye na udugu nasi, hata kama tunamjua kwa miaka mingi. Mpita njia ni yule anayeonekana mara moja na kutoweka. Mji mkubwa huzalisha wapita njia kwa maelfu. Kazi ya mchoraji ilikuwa kumchukua mpita njia na kumfanya aangaliwe kama mgeni, yaani kama mtu anayestahili kupokewa.

3.0 Majazi ya Jukwaani

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanaifahamu tamathali ya majazi, ambapo mhusika hupewa jina linaloafikiana na tabia yake. Majukwaa ya Montmartre yalijaa majina ya aina hiyo. Louise Weber aliitwa La Goulue, yaani Mlafi, kwa kuwa alisifika kwa kuyamalizia mabilauri ya wateja. Mchezaji mwenzake, Renaudin, aliitwa Valentin le Désossé, yaani Valentin Asiye na Mifupa, kwa jinsi viungo vyake vilivyonyumbuka. Jeanne Beaudon alijichagulia jina la Jane Avril, na watazamaji wakamwongezea lakabu ya La Mélinite, ambalo ni jina la baruti kali. Mchekeshaji wa kike wa sarakasi aliyeitwa Cha-U-Kao alikuwa na jina lenye mlio wa Asia, lakini mizizi yake ni maneno ya Kifaransa: chahut, yaani dansi ya vurugu na kelele, na chaos, yaani mchafuko.

Mwaka 1891 Toulouse-Lautrec alichora bango lake la kwanza, ambalo lilibandikwa kwenye kuta za Paris kuutangaza ukumbi wa Moulin Rouge. Kwa upande wa lugha, bango hilo limejengwa kwa takriri: jina la ukumbi limeandikwa mara tatu, mstari juu ya mstari, na mistari yote mitatu inatumia herufi M moja kubwa. Chini yake pana jina la La Goulue. Katikati yumo yeye mwenyewe, mguu mmoja umeinuliwa na nguo za ndani nyeupe zimefumuka. Mbele yake Valentin anaonekana kama kivuli cha kijivu kilichopinda. Nyuma, hadhira yote ni kivuli cheusi kisicho na nyuso. Hivyo mpangilio wa picha unafuata mpangilio wa majina. Mwenye jina bangoni amepewa rangi, na umati usio na jina umepewa weusi mtupu.

Hata hivyo, mchoraji hakuridhika na lakabu. Mabango yanamwonyesha Jane Avril akirusha mguu, kama jina la baruti linavyodai. Lakini katika picha za rangi alizozichora mnamo mwaka 1892, Jane Avril anaonekana akiingia Moulin Rouge au akitoka, amevaa koti na kofia, uso umekonda na macho yametazama chini. Mtazamaji asiyeambiwa jina angemdhania kuwa mwanamke yeyote arudiye nyumbani. Hapa La Mélinite amebaki jukwaani, na Jeanne Beaudon anatembea barabarani. Mtu mmoja amekuwa virejelewa viwili, na ni picha iliyoitenganisha lakabu na mwenye lakabu.

4.0 Taashira: Mtu Pasipo Uso

Katika taashira, kitu hutajwa kwa kutumia kitu kingine kilicho na uhusiano nacho. Toulouse-Lautrec aliitumia mbinu hii kwa ujasiri. Mwimbaji Aristide Bruant alijulikana kwa kofia pana, joho jeusi na skafu nyekundu. Katika mojawapo ya mabango yake, Bruant amegeuzia watazamaji mgongo, na bado hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani.

Mfano ulio wazi zaidi ni bango la ukumbi wa Divan Japonais la mwaka 1893. Mbele ameketi Jane Avril, safari hii akiwa mtazamaji. Nyuma, jukwaani, anaimba Yvette Guilbert, lakini ukingo wa picha umekikata kichwa chake. Kinachoonekana ni mwili mwembamba na glavu ndefu nyeusi. Glavu hizo zilitosha, kwani Guilbert hakuonekana jukwaani bila hizo. Mwaka 1894 ilitolewa albamu ya chapa 16 za Guilbert, yenye maandishi ya Gustave Geffroy, na kwenye jalada lake glavu zimelala peke yake, mwenyewe hayupo.

Ni lazima kuzingatia kwamba aliyechorwa naye ana kauli. Mwaka huohuo wa 1894 Guilbert aliukataa mchoro wa bango aliopelekewa, akalalamika kwamba amefanywa mbaya mno wa sura. Lakini nakala 100 za albamu alizitia sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Kwa lugha ya isimu, kirejelewa amekubali kirejelezi: mtu ameweka jina lake chini ya sura ambayo hakuipenda, kwa kuwa watu walikwisha kumtambua kwayo.

Mfano wa mwisho ni wa mchezaji Mmarekani Loïe Fuller, aliyecheza akizungusha vitambaa vipana chini ya taa za rangi. Katika chapa za mwaka 1893 uso wake karibu umetoweka, na vitambaa vimekuwa kama wingu. Nakala zilitiwa rangi kwa namna mbalimbali, jinsi taa zilivyobadilika ukumbini. Jina kubwa liliweza kustahimili hayo yote.

5.0 Sura Pasipo Jina

Hali ni tofauti kabisa kwa watu wa kundi la pili. Katikati ya miaka ya 1880, mchoraji alivutiwa na mwanamke mfanyakazi mwenye nywele nyekundu aliyemwona mitaani Montmartre. Kumbukumbu za sanaa zimelihifadhi jina lake, Carmen Gaudin, lakini jina hilo halikuwa na maana yoyote kwa watazamaji wa wakati ule. Hakuwa na glavu wala skafu ya kumtambulisha. Katika picha iitwayo Dobi, amevaa blauzi nyeupe, ameegemea meza, anatazama upande wa dirisha, na nywele zimemfunika macho. Mtazamaji anapata uchovu wa mikono, uzito wa mabega na mwanga wa dirisha. Hapati hadithi yoyote nyingine.

Inafaa kuchunguza pia majina ya picha zenyewe. Picha za wasanii huitwa kwa nomino za pekee: Jane Avril, Yvette Guilbert, Bruant. Picha ya Gaudin inaitwa kwa nomino ya kawaida, Dobi, yaani kwa kazi badala ya mtu. Picha yake nyingine inajulikana kwa jina la Rosa la Rouge, mhusika katika wimbo wa Bruant, ambaye ni kahaba. Hivyo mwanamke halisi aliikopesha sura yake kwa jina la mtu wa kubuni. Mnamo mwaka 2005 picha ya Dobi iliuzwa kwenye mnada mjini New York kwa dola za Marekani zipatazo milioni 22.4. Hata kwa bei hiyo, jina la picha lilibaki kuwa la kazi aliyoifanya.

Katika miaka ya 1892 hadi 1896, Toulouse-Lautrec alifanya kazi nyingi ndani ya madanguro ya Paris, ambamo wakati mwingine alikaa kwa siku kadhaa. Katika picha kubwa ya mwaka 1894, Ukumbi wa Mtaa wa Moulins, wanawake wameketi juu ya makochi mekundu wakingoja. Hawatazamani, wala hakuna anayemchekea mtazamaji. Chapa za mwaka 1896 zina jina la kiwakilishi kitupu, Elles, ambalo kwa Kifaransa ni kiwakilishi cha nafsi ya tatu wingi, jinsia ya kike. Kiswahili, ambacho hakitofautishi jinsia katika viwakilishi vyake, kingelazimika kusema “wao” na kupoteza nusu ya maana, au kusema “wale wanawake” na kuongeza umbali usiokuwamo. Wanawake hao wanachana nywele, wananawa, wanaamka. Kiwakilishi kwa kawaida hudai kuwe na nomino iliyokwisha kutajwa. Hapa hakuna, na ni picha zenyewe zinazochukua nafasi ya nomino hiyo.

6.0 Lakabu Inayommeza Mtu

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kila mwenye jina jukwaani alinufaika nalo. Mnamo miaka ya 1860 alizaliwa nchini Cuba, katika utumwa, mtoto mweusi aliyeitwa Rafael. Alipelekwa Hispania, kisha akafika Paris, ambako alipata umaarufu mkubwa katika sarakasi pamoja na Mwingereza George Foottit. Jukwaani aliitwa Chocolat. Lakabu hii si majazi ya tabia kama ile ya La Goulue, kwani inataja rangi ya ngozi tu na kumfanya mtu kuwa bidhaa ya kuliwa.

Mwaka 1896 Toulouse-Lautrec alimchora akicheza katika baa, mkono mmoja ameuinua. Mchoro huo ulitoka katika gazeti la vichekesho la Le Rire. Una pande mbili zinazogongana. Mwili umechorwa kwa mstari mwepesi wenye mizani, ambao unamheshimu mchezaji kwa ustadi wake. Uso, kwa upande mwingine, umekaribia vikaragosi vilivyozoeleka magazetini wakati ule. Aliyewatoa wengine katika lakabu zao hakumtoa huyu kikamilifu. Rafael alifariki mwaka 1917 mjini Bordeaux, akazikwa katika kaburi la maskini. Ni utafiti wa mwanahistoria Gérard Noiriel, uliotolewa kama kitabu mwaka 2012, uliochangia sana kumrudishia jina la Rafael Padilla ambalo lilikuwa limezama chini ya lakabu.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba jina na sura hugawana kazi ya kumtambulisha mtu. Panapokuwa na jina kubwa, sura yaweza kupunguzwa hadi ikawa glavu, skafu au kitambaa. Pasipokuwa na jina, mchoraji hana budi kuutazama mwili wote kwa makini zaidi, na pengine hiyo ndiyo sababu picha za dobi na za wanawake wa Mtaa wa Moulins zinamsimamisha mtazamaji kwa muda mrefu kuliko mabango. Aidha imeonekana kwamba lakabu yaweza kumpamba mtu, yaweza kumficha, na yaweza kumdhalilisha, na kwamba mchoraji mmoja anaweza kushiriki katika yote matatu.

Mwalimu wa isimu anayefundisha urejelezi anaweza kuzitumia picha hizi darasani kwa zoezi jepesi. Kwanza wanafunzi waonyeshwe picha bila majina, wamweleze aliyechorwa. Kisha wapewe majina, waseme ni nini kimebadilika katika maelezo yao. Mwishowe wajiulize ni nani aliyetoa kila jina: mwenyewe, watazamaji, mchoraji, au muuzaji wa picha.