Namna ya Kutambua Anwani za Kompyuta

Mwanafunzi anayefungua mipangilio ya mtandao katika kompyuta ya shule hukuta namba za sura mbalimbali, na mara nyingi hudhani kuwa zote ni kitu kimoja. Sivyo. Kila aina ina umbo na kazi yake, na azitambuaye aweza kukisia hitilafu iliko kabla fundi hajaitwa.

Anwani iliyoenea zaidi ni ya toleo la nne la kanuni za intaneti, lililotolewa mwaka 1981. Huandikwa kwa namba nne zilizotengwa kwa nukta, kwa mfano 192.168.1.20. Kila namba ina biti 8, na kwa kuwa biti ni 0 au 1, namba kubwa kabisa ni 255. Kwa hiyo 192.168.1.300 si anwani. Biti zote ni 32, nazo hutoa anwani 4,294,967,296, idadi ambayo haifiki hata idadi ya watu duniani. Akiba kuu ilikwisha Februari 2011.

Uhaba huo ulionekana mapema. Mwaka 1996 kanuni zilithibitisha anwani za matumizi ya ndani: zinazoanza na 10, na 192.168, na 172.16 hadi 172.31. Shule elfu moja zaweza kutumia 192.168.1.20 bila kugongana, kama vile kila shule iwezavyo kuwa na Chumba Namba 5. Ruta, kifaa kiunganishacho mtandao wa ndani na wa nje, huweka anwani ya nje badala ya ile ya ndani.

Mwalimu wa maabara aikumbuke hasa 169.254. Kompyuta nyingi hujipa anwani ianzayo hivyo zinapoomba anwani zisijibiwe. Ikiwa kompyuta moja tu kati ya thelathini inaonyesha 169.254, uchunguzwe kwanza waya wake. Zikiwa zote, mashaka yaelekee kwenye ruta.

Toleo la sita lina biti 128. Hutumia tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f, katika mafungu yanayotengwa kwa nukta pacha, mfano 2001:db8::25. Nukta pacha mbili mfululizo husimama badala ya mafungu ya sifuri. Zatumika mara moja tu katika anwani. Zikirudiwa, haijulikani kila pengo lina sifuri ngapi. Ianzayo na fe80 haivuki ruta.

Anwani ya kadi ya mtandao nayo huweza kuwa na nukta pacha, na hapo wengi huchanganyikiwa. Hii ina jozi sita kamili, mfano 00:00:5e:00:53:1a. Kwa desturi jozi tatu za kwanza humtaja mtengenezaji, ingawa simu nyingi za leo huibadili anwani hiyo ili mwenyewe asifuatiliwe.

Zoezi: Ipi kati ya 172.20.4.9 na 172.40.4.9 ni ya ndani? Kwa nini 2001::5::1 si sahihi?